Maji Kwenye Mpira wa Hewa

Solfrid alikata mkate, akaupaka siagi, akaweka vipande vya jibini ya kahawia juu yake. Alifunga mafungu mawili kwenye karatasi. Moja lake, moja la mumewe. Kisha akaita kutoka chini ya ngazi.

"Oddvar! Kahawa inapoa!"

Oddvar alishuka polepole. Macho yalikuwa mekundu. Juu ya pua palikuwa na alama ya barakoa. Nywele zilikuwa zimelowa upande mmoja.

"Umeoga saa ngapi?" Solfrid aliuliza.

"Sijaoga. Nimemwagiwa maji na mashine."

"Tena?"

"Tena. Nilikuwa nimeshalala, mara nikasikia glu-glu-glu kwenye mpira wa mashine. Kisha maji ya baridi puani. Nikadhani nazama ziwani. Nikaivua, nikaitupa kule."

"Ukalala bila mashine?"

Oddvar alimimina kahawa.

"Hata usijibu," Solfrid alisema. "Nilikusikia ukikoroma. Hata Torgrim kule ng'ambo ya barabara nadhani alikusikia."

Oddvar alikuwa dereva wa basi la bonde la Haugdal. Aliendesha njia hiyo miaka mingi, kiangazi na kipupwe. Lakini vuli iliyopita lilitokea jambo.

Basi lilisimama kwenye kituo cha dukani. Milango ikafunguka. Abiria wakapanda, wakakaa. Basi halikuondoka. Watu wa bonde hili hawamsumbui dereva. Mmoja alitazama simu yake, mwingine alitazama mvua. Kila mtu alidhani basi limefika mapema na linasubiri saa yake. Hakuna aliyetaka kuonekana hana subira. Mwishowe bibi mmoja mwenye miadi na daktari wa meno aliinuka, akamgusa dereva begani. Oddvar alikuwa amelala fofofo, mikono juu ya usukani.

Hakuna aliyeumia, kwa sababu basi lilikuwa limesimama. Je, kama lingekuwa linakimbia kwenye kona za mtoni?

Daktari alimpa kifaa kidogo cha kuvaa akiwa amelala nyumbani. Kifaa kilionyesha tatizo. Oddvar alikuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu yeyote akilala, nyama za koo hulegea. Koo la Oddvar lililegea mno mpaka njia ya hewa ikaziba. Pumzi ilikatika. Ubongo ulishtuka na kumwamsha nusunusu, akavuta hewa kwa kishindo, kisha akazama tena usingizini. Mambo yakawa hayo hayo hadi alfajiri. Asubuhi alidhani amelala. Hakuwa amelala. Ndiyo maana kichwa kilimuuma kila asubuhi na usingizi ulimwandama mchana kutwa.

Hospitali ilimpa mashine ya kupumulia. Ni kisanduku kidogo cha kuweka kando ya kitanda. Kisanduku hupuliza hewa kupitia mpira mrefu mpaka kwenye barakoa ya puani. Hewa hiyo hulishikilia koo lisizibe. Ndani ya kisanduku kuna kitangi cha maji yanayopashwa moto kidogo, ili hewa isimkaushe mtu pua na koo.

Daktari alisema wazi, "Hutashika usukani mpaka mashine ioneshe kwamba unapumua vizuri usiku, na wewe mwenyewe huna usingizi mchana. Basi ni watu, Oddvar."

Kampuni ilimpa kazi ya kuosha mabasi kwenye yadi. Nafasi yake ya udereva ingeshikiliwa mpaka Pasaka. Baada ya hapo njia ya Haugdal ingepewa dereva mwingine. Na Oddvar hakutaka kuosha mabasi. Alitaka basi lake.

*

Jumamosi hiyo Torgrim alikuja kunywa kahawa. Torgrim ni fundi seremala, mtu wa sauti kubwa na moyo mwema. Yeye pia alikuwa na mashine kama ile, tena kwa miaka kadhaa. Alikula maandazi ya Solfrid ya kuchomwa kwenye kikaango cha chuma, yale bapa yenye umbo la mioyo, huku akisikiliza habari za maji.

"Imewekwa nguvu ngapi, hewa yako?" aliuliza.

"Nane," Oddvar alisema.

"Nane! Wamekupa ya mtoto mchanga! Mimi natumia kumi na nne."

"Na viatu unavaa namba ngapi, Torgrim?" Solfrid aliuliza akiwa kwenye sinki.

"Arobaini na sita."

"Basi mpe na viatu vyako avae."

Torgrim alicheka, lakini hakuacha. "Sikiliza, Oddvar. Maji yanakaa kwenye mpira kwa sababu hewa ni dhaifu. Haiwezi kuyasukuma. Ukiongeza nguvu, maji yatapeperushwa. Ni kama kupuliza vumbi la mbao. Ukipuliza kwa woga, unabaki na vumbi lako."

Maneno hayo yalionekana yana akili. Hiyo ndiyo hatari ya ushauri mbaya. Mara nyingi unaonekana una akili.

"Hospitali walisema nisiguse nguvu ya hewa," Oddvar alisema.

"Hospitali wako mjini. Wewe ndiye unayelowa."

Solfrid alitazama saa, akavaa koti. Alikuwa na zamu ya kusafisha kwenye shule ya watoto wadogo anakofanya kazi. Wazazi na wafanyakazi wote walikutana huko siku hiyo kukwangua barafu na kupaka rangi, kama desturi. "Msiguse chochote," alisema mlangoni.

Walipobaki peke yao, Torgrim alipanda ngazi, akaminya vitufe vya mashine mpaka ukatokea ukurasa wa wauguzi. Ule ambao mgonjwa haonyeshwi. Akaipandisha nguvu ya hewa.

"Kumi na tatu," alisema. "Nimekuachia moja ya adabu."

*

Hali ikawa mbaya zaidi.

Hewa ilikuja kwa kasi kama upepo wa mlimani. Ilipenya kando ya barakoa ikapiga mluzi. Oddvar alikaza mikanda ya barakoa. Mluzi haukuisha, ila pua ilichubuka. Hewa nyingine alikuwa akiimeza bila kujua. Asubuhi tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, na hewa ile ilitafuta pa kutokea. Ilitokea juu, ikatokea na chini.

"Heri ulivyokuwa unakoroma," Solfrid alisema. "Kukoroma hakuna harufu."

Na maji? Maji yalibaki pale pale. Sasa hayakuja kwa glu-glu tu. Yalirushwa usoni kama mtu amepiga chafya.

Kabla mwezi haujaisha, daktari alipiga simu. Mashine ile hupeleka habari zake hospitali yenyewe, kwa njia ya mtandao, na hospitali humjulisha daktari. Habari hazikuwa nzuri. Barakoa inavuja sana. Anaivua kila usiku kabla ya alfajiri. Pumzi bado inakatika.

"Siwezi kukuruhusu kuendesha, Oddvar," daktari alisema. "Samahani."

Oddvar alikaa mezani, simu mkononi. Pasaka haikuwa mbali.

"Nairudisha," alisema.

"Unarudisha nini?"

"Mashine. Nimejaribu. Haikunifaa. Nitaosha mabasi mpaka nistaafu. Mabasi machafu hayataisha."

Solfrid aliweka kitambaa cha sahani chini. "Utaosha mabasi, sawa. Na moyo wako je? Hukumsikia daktari? Pumzi ikikatika kila usiku, presha ya damu inapanda, moyo unachoka. Mimi sitaki neno mjane liandikwe kwenye mlango huu, halafu mjane mwenyewe niwe mimi."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Kwenye mashine kuna namba ya simu, kubwa kama bango. Tangu vuli umempigia Torgrim. Hukumpigia mwenye mashine hata siku moja."

"Sikutaka kuwasumbua."

"Ndiyo yale yale ya kwenye basi! Watu wamekaa kimya, dereva amelala, hakuna anayetaka kusumbua!"

Solfrid alipiga namba.

*

Aliyepokea ni muuguzi wa kitengo cha usingizi, jina lake Ingunn. Aliwapigia tena mchana kwa simu ya video, akiwa na habari za mashine ya Oddvar mbele yake. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyosukumwa juu ya nywele.

"Habari za huko? Haya, Oddvar, swali la kwanza. Nani amepandisha nguvu ya hewa?"

Oddvar alikitazama kikombe chake. Solfrid alimtazama Oddvar.

"Oddvar?" Solfrid alisema.

"Torgrim," Oddvar alisema. "Lakini nilikuwepo."

"Nani Torgrim? Daktari?" Ingunn aliuliza.

"Seremala," Solfrid alijibu.

Ingunn hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. "Sikasiriki. Nyinyi si wa kwanza. Lakini nisikilizeni vizuri. Nguvu ya hewa ni dawa. Kila mtu ana kipimo chake. Kipimo cha Torgrim kimetokana na koo la Torgrim. Ikiwa ndogo mno, koo linaziba. Ikiwa kubwa mno, barakoa inavuja, unameza hewa, usingizi unakatika, na watu wengine hata pumzi inaanza kukatika kwa namna nyingine mpya. Tumbo limekusumbua?"

"Limenisumbua mimi," Solfrid alisema.

"Nimeelewa. Nairudisha nane sasa hivi kutoka hapa. Ikihitajika kubadilika, tutaangalia habari za usiku na kuibadilisha sisi. Umenielewa, Oddvar?"

"Nimeelewa. Lakini hata kwenye nane maji yalikuwa yananimwagikia. Ndiyo shida ilikoanzia."

"Vizuri. Hapo sasa tunaongea. Nipelekeni chumbani."

"Chumbani?" Solfrid aliuliza. "Sijatandika."

"Afadhali. Nataka kukiona kama kilivyo usiku."

Walipanda, Oddvar na kikombe chake cha kahawa. Solfrid aliizungusha simu ili Ingunn aone. Kitanda, duveti mbili nene za kujifunika, mashine juu ya kabati refu karibu na kichwa. Mpira ulining'inia hewani kutoka kabatini mpaka kwenye mto. Na juu ya kitanda, dirisha. Lilikuwa wazi. Theluji kidogo ilikuwa imeingia na kukaa kwenye ukingo wa ndani.

"Dirisha huwa wazi usiku?" Ingunn aliuliza.

"Bila shaka," Solfrid alisema. "Nani analala na dirisha limefungwa?"

"Hata baridi ikiwa kali namna hii?"

"Kwetu tulilala hivi tangu tulipokuwa wachanga. Kazini watoto wanalala nje kwenye vigari vyao, wamefunikwa vizuri, na wanalala kuliko sisi. Hewa iliyofungiwa ni ugonjwa."

"Hata mimi nalala na dirisha wazi," Ingunn alisema. "Kwa hiyo sitakutukana. Una kipimajoto hapo?"

Solfrid alikiangalia. "Nyuzi tano."

"Jokofu langu liko nyuzi nne. Solfrid, una kitu chochote cha moto hapo?"

"Kahawa."

"Chukua kitu cha chuma kilichokaa karibu na dirisha. Kiweke juu ya mvuke wa kahawa. Niambie unaona nini."

Solfrid alichukua kitana cha chuma cha Oddvar kutoka ukingoni mwa dirisha. Alikishika juu ya kikombe. Mara hiyo hiyo kikapata ukungu. Kisha matone. Tone moja likadondokea kwenye kahawa.

"Maji," alisema.

"Yametoka wapi?"

"Kwenye mvuke. Kitana ni cha baridi." Solfrid akautazama mpira. "Aa. Kumbe."

"Enhe," Ingunn alisema. "Mashine inatoa hewa ya uvuguvugu yenye unyevu. Hewa inapita kwenye mpira mrefu ndani ya jokofu lenu. Inapoa njiani, unyevu unageuka matone. Tena mashine iko juu na kichwa kiko chini, kwa hiyo maji yanateremka moja kwa moja mpaka puani. Hata mpulize na upepo wa ndege, mvuke utaendelea kugeuka maji."

Oddvar aliketi ukingoni mwa kitanda. "Yaani ni dirisha."

"Usinitazame hivyo," Solfrid alisema.

"Sijasema kitu."

"Umetazama."

Ingunn aliwaingilia. "Kuna mambo ya mgonjwa na mambo ya hospitali. Nguvu ya hewa ni yetu. Unyevu, joto la mpira, na ile hewa ya kuanza taratibu unapolala, hayo ni yako, Oddvar. Hayo ndiyo uyaguse mpaka upate raha. Leo punguza unyevu namba moja. Ukiona koo linakauka, urudishe. Ukiona matone, punguza tena. Badilisha kitu kimoja, ulale siku mbili tatu, uone. Usibadilishe vitu vyote kwa pamoja, maana hutajua kipi kimesaidia."

"Na mpira?"

"Shusha mashine. Iweke kwenye kigoda, chini ya usawa wa godoro, ili maji yakitokea yarudi kwenye mashine, yasije kwako. Mpira upitishe ndani ya duveti pamoja na wewe, upate joto. Ila usiukunje, na usifunike mashine yenyewe. Nitakutumia mpira wenye waya wa kupasha joto. Unaingia kwenye mashine ile ile. Utauchukua kwenye posta ya dukani."

"Na dirisha?" Solfrid aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kidogo.

"Lifunge mpaka mpira huo ufike. Kisha ulifungue kidogo, muone mtafika wapi."

Solfrid alilitazama dirisha lake. Kisha akapiga magoti kitandani, akapangusa theluji kwa kiganja, akalivuta na kulifunga. Lilikwama kwanza, kwa sababu halikuwa limezoea.

"Sasa barakoa," Ingunn alisema. "Oddvar, ivae ulale. Ndiyo, na ovaroli yako. Uso hubadilika ukilala, kwa hiyo barakoa hurekebishwa mtu akiwa amelala, siyo amekaa. Washa. Legeza mikanda. Legeza zaidi. Inue barakoa kidogo kutoka usoni, iache ijae hewa, halafu iachie ikae yenyewe. Unasikia mluzi?"

"Hapana," Oddvar alisema kwa sauti ya puani.

"Ulikuwa unaibana kama mdomo wa gunia. Ndiyo iliyokuchubua. Na uioshe kila siku kwa sabuni laini, mafuta ya ngozi yanaifanya iteleze. Maji ya kitangi mwaga kila asubuhi, weka mapya yaliyo safi. Na uivae kila unapolala, hata usingizi wa mchana kwenye kochi. Ikikushinda usiitupe. Nipigie. Kunisumbua ndiyo kazi yangu."

*

Siku za kwanza Solfrid alilala vibaya. Chumba kilikuwa na joto, alisema. Kilikuwa kama tumbo la ng'ombe. Alitupa duveti, akajifunika duveti, akalaumu hospitali, akamlaumu Torgrim. Lakini hakulifungua dirisha. Mpira wa kupasha joto ulipofika dukani, alienda kuuchukua mwenyewe, kwa miguu, siku hiyo hiyo.

Waliupachika pamoja. Wakaongeza joto la mpira kidogo, wakasubiri, wakaongeza tena kidogo. Dirisha likafunguliwa upana wa kidole. Hakuna maji. Upana wa vidole viwili. Hakuna maji. Walipojaribu kiganja kizima, asubuhi Oddvar alikuta matone kwenye mpira. Wakarudi vidole viwili, wakabaki hapo.

"Vidole viwili," Solfrid alisema. "Mama yangu angeniona, angenikana."

Oddvar hakuona mabadiliko yote kwa mara moja. Kwanza kichwa kiliacha kumuuma asubuhi. Kisha jioni moja alitazama taarifa ya habari mpaka mwisho, akiwa macho. Kazini wenzake walimwona akipiga mluzi huku akisugua matairi. Na asubuhi moja alikuwa chini kabla ya Solfrid. Mkate ulikuwa umekatwa. Kwa ubaya, vipande vinene kama matofali, lakini umekatwa.

Torgrim alipokuja, Solfrid alimtia kitini kabla hajavua koti.

"Keti. Umesababisha balaa katika nyumba hii."

"Nilitaka kusaidia," Torgrim alisema. "Imekuwaje?"

Walimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na ile yako ya kumi na nne," Oddvar aliuliza, "hospitali ndiyo iliyokuwekea?"

Torgrim alikuna shingo. "Waliniwekea kumi na moja. Nikaongeza mwenyewe."

"Na unalalaje?"

"Nalala kwenye kochi baada ya chakula cha mchana. Kila siku. Nilidhani ni uzee."

Solfrid alimsogezea simu yake. Namba ya Ingunn ilikuwa tayari kwenye kioo.

*

Wiki moja kabla ya Pasaka, Oddvar aliitwa kwa daktari. Solfrid alimsubiri nje, ndani ya gari, injini ikinguruma ili joto lisitoke. Alimwona akitoka mlangoni. Hakutabasamu. Alitembea mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa upande wa dereva.

"Sogea," alisema.

"Amesemaje?"

"Amesema barakoa haivuji. Amesema pumzi haikatiki, ni mara chache tu kama mtu yeyote. Ameniuliza kuhusu usingizi wa mchana, nikamwambia sina. Nitapimwa tena baadaye, na mashine nitaivaa siku zote. Nikiacha kuivaa, naacha kuendesha. Lakini amesaini, Solfrid. Sogea."

Solfrid alisogea.

Jumatatu baada ya sikukuu basi la Haugdal liliteremka bondeni. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, barabara inang'aa maji. Oddvar alikuwa nyuma ya usukani, shati safi, macho meupe. Abiria walipanda mmoja mmoja. Walitikisa kichwa kumsalimu, hawakusema neno, wakakaa kila mtu na kiti chake na dirisha lake. Ila yule bibi wa daktari wa meno alisimama mbele ya dereva akamkagua kama mtu anayechagua samaki.

"Umelala leo?" aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma.

"Nimelala, bibi."

"Vizuri." Akaenda kukaa.

Solfrid alipanda kwenye kituo cha kanisani, akielekea kazini. Alikaa kiti cha nyuma ya dereva. Kwa muda mrefu sana hakuwahi kufumba macho Oddvar akiendesha. Alikuwa akitazama kichwa chake kwa nyuma, akisubiri kukiona kikiinama. Leo alikitazama mpaka kwenye kona ya kwanza ya mtoni. Akakitazama mpaka ya pili.

Basi lilipofika kwenye shule ya watoto, Oddvar alifungua mlango. Hakuna aliyeshuka. Akageuka nyuma. Solfrid alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi kidogo, amelala fofofo.

Abiria walitazama simu zao. Hakuna aliyetaka kusumbua.

Oddvar alifungua mkanda wake, akainuka, akamgusa begani.

"Mama," alisema, "umefika kazini."